Tathmini ya rika: Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake

NENO ‘rika’ tumelizoea. Kwa wengi wetu ni watu wa umri mmoja, au waliopashwa tohara pamoja. Wakikuyu nao wana ‘riika’ lao lenye maana iyo hiyo. Siku hizi neno hili limepewa kazi nyingine vyuoni: ‘tathmini ya rika’, yaani wanasayansi kupima kazi au maombi ya fedha ya wanasayansi wenzao.

Wapo wanaolipinga. Eti profesa wa miaka 60 atakuwaje rika la mtafiti wa miaka 30? Hao hupendelea ‘tathmini ya wataalamu wenza’. Kabla ya kuamua, hebu tuitazame historia ya utaratibu wenyewe katika utafiti wa afya.

Mwaka 1937, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia sahihi sheria iliyounda taasisi ya kitaifa ya saratani. Pamoja nayo liliundwa baraza la ushauri, likapewa jukumu la kupitia maombi ya watafiti na kupendekeza yapi yafadhiliwe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ilirithi miradi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa wakati wa vita, na kazi ikazidi uwezo wa baraza moja. Ndipo zilipoundwa kamati za wanasayansi kutoka vyuo mbalimbali, kila moja na uwanja wake. Miongoni mwa za mwanzo kabisa ilikuwa kamati ya utafiti wa kaswende.

Kufikia 1946 utaratibu ulikuwa umeshika umbo: kamati inapima ubora wa sayansi, kisha baraza linatazama ombi hilo lina manufaa gani kwa taifa. Ngazi hizo mbili zingalipo hadi leo katika taasisi za kitaifa za afya za Marekani, NIH.

Hoja yake ilikuwa nzito. Karani wa serikali hawezi kujua kama jaribio la maabara limepangwa vyema. Mwanasiasa naye ana watu wake. Anayejua ni yule anayefanya kazi iyo hiyo. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Anayeifahamu kazi yako, aghalabu anakufahamu wewe pia: alisoma na mwalimu wako, au mnawania fedha zile zile.

Mtego huo ulifichuliwa Uswidi. Mwaka 1995 baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo lilipokea maombi 114 ya nafasi 20 za watafiti chipukizi. Waombaji 52 walikuwa wanawake. Waliopata ni wanne tu. Watafiti wawili, Christine Wennerås na Agnes Wold, wakaomba kuona alama zilizotolewa. Baraza likakataa. Wakaenda mahakamani wakitegemea sheria ya Uswidi inayowapa raia haki ya kuona nyaraka za umma, na wakashinda.

Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997. Ili apewe alama sawa na mwanamume, mwanamke alihitaji kuwa na machapisho yenye uzito wa mara mbili na nusu. Isitoshe, mwombaji aliyekuwa na uhusiano na mjumbe wa kamati alipata alama za ziada. Kumbe mjumbe huyo hata hakuruhusiwa kumpa alama mtu wake! Wenzake ndio waliomfanyia hisani.

Mwaka 2008, Ulf Sandström na Martin Hällsten walichapisha uchunguzi mwingine kuhusu Uswidi iyo hiyo. Safari hii hawakuona wanawake wakinyimwa. Upendeleo wa kujuana, lakini, ulikuwa bado upo. Kwa hivyo kelele zilizopigwa kuhusu jinsia huenda zilisaidia. Ule udugu wa kamati ndio sugu zaidi.

Haya si ya Wazungu peke yao. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliipa Kenya Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Mwaka 2015, Akademia ya Sayansi ya Afrika yenye makao yake Nairobi ilishirikiana na NEPAD kuanzisha AESA, ili maamuzi ya ufadhili yafanyiwe barani badala ya ng’ambo. Ni hatua ya kujivunia. Lakini kadiri idadi ya wataalamu wa fani fulani inavyokuwa ndogo, ndivyo wanavyojuana zaidi. Katika nchi yenye mabingwa wachache wa ugonjwa fulani, utampata wapi mkaguzi asiyemjua mwombaji? Anayeumia si mtafiti asiye na mtu pekee, bali pia mgonjwa ambaye dawa yake haikuchunguzwa.

Tiba ipo, ingawa si kamilifu: kuwaalika wakaguzi wa nchi jirani, kumweleza kila mwombaji sababu za alama zake, na kuziweka wazi kumbukumbu kama walivyolazimishwa Waswidi.

Sasa turudi kwa neno letu. ‘Wataalamu wenza’ ni neno safi, linalonukia usawa. ‘Rika’ linatukumbusha watu waliopitia jando moja, wanaoteteana hata bila kuombwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wahenga hawakumtoa profesa katika kauli hiyo. Mimi nalichagua ‘rika’. Neno linalotuonya lina faida kuliko linalotusifu.