Historia ya Garissa Iko Chini ya Gari ya Abti

Leo naongea kuhusu giaboksi, lakini tulia kwanza usiondoke, hii ni stori ya historia.

Kuna msee wa Nairobi aliona video niliyochukua nyumbani. Abti wangu (mjomba, kwa wale hawajui) amelala chini ya Land Cruiser kwa kivuli cha mwarobaini, giaboksi imening'inia kwa cheni kutoka kwenye tawi. Msee akaniuliza, "Mbona mnacheza na gari? Si mpeleke gereji ya maana?" Nilicheka tu. Lakini usiku nikaanza kufikiria, huyu hajui anachouliza, na pengine hata sisi vijana wa Garissa hatujui. Historia ya kwetu tunafundishwa kama orodha ya mabaya tuliyofanyiwa. Ni kweli tulifanyiwa. Lakini kuna ile ya mikono, na hiyo sikuipata kwa kitabu chochote kabla niache chuo.

Wacha tuanze na sheria, nitakuwa mfupi. Mwaka wa 1902 Waingereza walitunga sheria ya wilaya za pembezoni, na kaskazini yetu ikafungwa. Kuingia ni kwa kibali. 1934 wakaongeza nyingine ya wilaya maalum, wakabana hata zaidi mienendo ya watu na mifugo. Mahali pamefungwa hivyo, nani atajenga barabara? Ngamia hahitaji lami.

Land Rover ilizinduliwa 1948, na hiyo ndiyo serikali na polisi walikuja kutegemea huku. Wazee wakikwambia Land Rover ya zamani ilikuwa ngumu, wanamaanisha kitu maalum. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne, lakini ile mitambo midogo ya kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajaingiana ilikuwa kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Kurudi ya pili au ya kwanza ukiwa mwendoni, lazima upige dabo klachi: kanyaga, toa gia, achia, ongeza moto kidogo, kanyaga tena, ingiza. Ukikosea, meno yanasaga na abiria wote wanakuangalia. Gia zote za mbele zilipata usawazishaji kwenye Series III, 1971. Kwa hivyo kizazi kizima cha madereva wa huku walijifunza kusikia giaboksi kwa mguu na sikio. Usidharau hiyo. Hao ndio walikuja kuwa mafundi.

Halafu uhuru ukaja, na kwetu ukaja na hali ya hatari. Ilitangazwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa. Vita vya Shifta vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, na sheria zenyewe za hatari zikabaki mpaka 1991. Barabara zilitegwa mabomu, watu wakakusanywa kwenye vijiji chini ya ulinzi. Na katikati ya hayo yote kuna karatasi moja ambayo kila kijana wa North Eastern anafaa aisome: Sessional Paper nambari 10 ya 1965. Ilisema pesa za maendeleo ziende pale zitakapoleta mazao zaidi, penye ardhi nzuri na mvua, penye reli na barabara tayari. Soma hiyo ukiwa Garissa, kwa joto la nyuzi 38. Walikuwa wanasema, kwa lugha ya heshima, nyinyi subirini.

Tukasubiri. Na gari halisubiri. Mchanga hauna huruma kwa klachi. Ukiwa na mzigo kwenye laga, gari inazama, unaachia klachi nusunusu ili magurudumu yazunguke pole, na diski inasugua flaiwili bila kushika vizuri. Dakika chache tu utasikia ile harufu. Klachi ikiisha katikati ya Garissa na Dadaab, kama kilomita 100 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kumpigia. Unalala hapo hapo. Kama ndani ya gari kuna mama anapelekwa kujifungua, basi hiyo klachi si kipuri tena. Ayeyo wangu alimpoteza mtoto namna hiyo, kabla mama yangu hajazaliwa. Abti alikuwa kijana mdogo, alikuwa kwenye hiyo gari. Hajawahi kunisimulia yote, na mimi sijamlazimisha.

Kutoka miaka ya sabini Kenya ilianza kuunganisha magari yenyewe. Land Rover ikawa inaunganishwa Thika, Toyota ikawa inaunganishwa Mombasa, na Land Cruiser ikaanza kuchukua nafasi huku kaskazini. Abti alipata yake ya zamani, HJ47 ya dizeli, giaboksi ya gia nne inayoitwa H42. Shida ya H42 ni hesabu. Gia ya kwanza ni 3.55, maana yake injini inazunguka mara tatu na nusu hivi ili shafti ya kutokea izunguke mara moja. Kwa lami iko sawa. Kwa laga ukiwa na mbuzi ishirini nyuma, ni refu mno. Unaishia kuchoma klachi ili kuondoka tu. Na huko juu gia ya nne ni moja kwa moja, kwa hivyo ukienda Nairobi, kilomita kama 370, injini inalia njia nzima.

Sasa 1991 Somalia ikaporomoka, wakimbizi wakaja, kambi za Dadaab zikafunguliwa, na pamoja nazo magari meupe ya mashirika. Watu huongea sana kuhusu Dadaab na kusahau hii: mashirika yakichoka na gari, huiuza kwa mnada. Mnada ukawa duka letu la vipuri. Abti alinunua HJ75 iliyobingirika, bodi imekwisha, lakini chini kulikuwa na giaboksi ya gia tano, H55F. Ya kwanza 4.84. Ya tano 0.845, yaani kwa mwendo uleule injini inazunguka chini kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na gia ya nne. Nguvu kwa mchanga, utulivu kwa lami, kwa boksi moja. Injini za gari zote mbili zilikuwa za aina moja, 2H, kwa hivyo abti akaona njia.

Usidhani unafungua bolti unafunga bolti. H55F ni ndefu kuliko H42, kwa hivyo boksi ya magurudumu manne inasogea nyuma. Propela shafti ya nyuma ikatwe, ya mbele irefushwe. Meno ya shafti ya kuingilia hayakulingana na diski ya zamani, kwa hivyo diski ilibidi ifuate giaboksi, na presha pleti na beringi ya kuachilia zikabadilishwa pamoja. Diski aliiweka katikati kwa kijiti cha mti alichokichonga na kukizungushia tepu mpaka kikatoshea, kwa sababu ukiifunga ikiwa imeenda upande, giaboksi haitaingia hata mkiwa wanaume sita.

Na alikosea. Napenda hii sehemu kuliko zote. Shafti ya nyuma ilichomelewa ncha mbili zikiwa hazitazamani sawa, gari ikifika 80 inatetemeka mpaka meno yako yanagongana. Alishuka Modika, akalala chini, akaangalia, akarudi kwa mchomeleaji siku hiyohiyo. Tangu hapo haijasumbua.

Baadaye shirika moja kule kambini lilitafuta fundi wa magari yao. Abti akaenda. Wakamuuliza cheti. Hana. Hakuna aliyemuuliza afungue boneti hata dakika moja. Kazi akapewa kijana mwenye makaratasi, mzuri tu, simlaumu, ambaye baada ya wiki mbili alikuwa anakuja kwetu jioni kumuuliza abti klachi inatolewaje damu. Abti alimfundisha, akampa na chai. Mimi ndiye niliyekasirika. Labda kwa sababu mimi pia sina cheti, najua ile sura mtu hukutolea akisikia umeacha chuo.

Kwa hivyo nikisikia kaunti inazungumza kuhusu vijana na ufundi, na tangu ugatuzi wa 2013 wanazungumza sana, nauliza swali moja: nani ameenda kwa hawa wazee? Wako wangapi kati ya hapa na Mandera, waliobadilisha magari yaliyotengenezewa nchi nyingine yakafaa yetu, bila kitabu, bila intaneti? Tutawasomea nini watoto, kwamba barabara haikuja tukakaa tu? Na gari otomatiki zinavyojaa mjini, hata wale wa kuwauliza wanapungua. Msiniambie mambo ya YouTube. Hakuna video ya YouTube inayojua mchanga wa laga za kwetu.

Macho ya abti yameanza kwenda. Sasa meno ya shafti anayahesabu kwa kidole, amefunga macho kabisa, anasema yakifunguka yanamchanganya. Nimeanza kumrekodi, sauti tu, Kisomali na Kiswahili vimechanganyika, na kila nikimuuliza mwaka anacheka. Yeye huhesabu kwa ukame na kwa klachi.

Jumamosi tunafungua Probox ya jirani, klachi inateleza. Nilishika tochi kama kawaida nikijipanga, akaninyang'anya. "Leta kiti hapa, abti," akasema. "Tochi nitashika mimi. Wewe ndiye utalala chini."