Tanga la Karema

Katika majarida ya utalii yanayotufikia kutoka ng'ambo kuna picha isiyokosekana: chombo cheupe chenye matumbo mawili, tanga limefura upepo, watu wamejilaza juu ya wavu uliotandwa baina ya matumbo hayo, na chini yao maji ya Bahari ya Karibi. Asubuhi hutweka Antigua au Barbados. Adhuhuri abiria huvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakaelea kifudifudi wakitazama samaki na kasa. Magharibi hurejeshwa gatini. Chombo chenyewe huitwa katamarani, na jina hilo wala si la Karibi. Ni neno la Kitamili, la wavuvi wa Bahari yetu hii ya Hindi, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja.

Mpenzi msomaji, nimeanza mbali kwa makusudi. Katamarani niliyoipanda mimi niliikuta Karema, mkoani Katavi, takriban kilomita elfu moja kutoka kwenye maji ya chumvi.

Mtu wa visiwani akisikia Mpanda hufikiria treni inayochepuka Kaliua na kuishia huko, reli iliyofika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Au hufikiria viboko wa mbuga ya Katavi wanaosongamana matopeni wakati wa kiangazi. Ni nadra kukumbuka kwamba mkoa huo, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, una pwani yake. Ukitoka Mpanda mjini ukaelekea machweo ya jua, ukapita misitu ya miombo na vilima, barabara hukuteremsha hadi Ikola na Karema, na mbele yako Ziwa Tanganyika limejinyoosha hadi milima ya Kongo. Kina chake hufika mita 1,470. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, na sisi tunaojigamba kwa bahari hatuna budi kukiri kwamba karibu na fukwe zetu hatuna kina cha namna hiyo.

Ilikuwa katikati ya Juni 2024. Serikali ilikuwa imefunga uvuvi katika ziwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ufukweni Karema vyombo vilikuwa vimelala, na miongoni mwao vipe. Kipe ni mashua mbili zilizounganishwa kwa miti mirefu iliyopitishwa juu yake, zikaachiwa nafasi baina yao. Usiku wa giza la mwezi taa huwashwa juu ya maji, zamani zikiwa karabai na siku hizi zikiwa za betri. Dagaa huifuata nuru, na wavu uliokwishateremshwa chini yao huinuliwa taratibu na watu waliosimama juu ya miti hiyo. Ufundi huu si wa kale. Uliingia miaka ya 1950 upande wa kaskazini wa ziwa, katika Burundi ya enzi ya Wabelgiji, kisha ukaenea kusini kijiji kwa kijiji. Yaani chombo ambacho Karibi ni cha anasa ya mchana, hapa ni cha kazi ya usiku.

Vijana wenye kipe walikubali kunipeleka Ikola na kunirudisha siku hiyohiyo, bila wavu wala taa. Petroli ilikuwa ghali na mifuko ilikuwa mitupu kwa mwezi mzima wa kukaa bure, basi wakasimamisha mti baina ya mashua mbili, wakatundika turubai, na upepo wa kusini ukalijaza. Nililitambua kusi mara moja. Ni lilelile linalopeleka majahazi yetu kaskazini kila mwaka, ila hapa limevuka bara kavu na kupoteza harufu ya chumvi.

Tanga katika ziwa hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni yetu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walikuta mitumbwi ya magogo ya wenyeji, vyombo vya watu walioyajua maji hayo kwa vizazi. Lakini walisikia kwamba ng'ambo, katika kisiwa cha Kasenge, yuko mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, mwenye jahazi. Mwezi Machi Speke akapanda mtumbwi kwenda kuliomba. Mtumbwi ulishuka pwani ya mashariki hadi upande wa Kabogo, rasi iliyoogopewa na mabaharia wote wa ziwa, ndipo ukakata kuvuka. Njiani, usiku wa dhoruba, mdudu alimwingia Speke sikioni. Akamchokoa kwa kisu, na kwa miezi kadhaa hakusikia vyema. Jahazi hakulipata. Mwenyewe alikuwa na safari zake.

Nani aliliunda jahazi hilo? Vitabu vya wasafiri havituambii jina la fundi. Vimehifadhi jina la mwenye mali, na jina la mgeni aliyenyimwa. Aliyechonga mbao, akashona tanga na kukadiria urefu wa foromali katika nchi isiyo na hata kamba ya nazi, hana jina. Kwetu, ambako majina ya manahodha huimbwa, hili ni pengo zito. Naamini alikuwa mtu wa pwani au mwanafunzi wa mtu wa pwani, kwani umbo la tanga halisafiri peke yake. Lakini hiyo ni dhana yangu na naiacha hapo.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1874, Cameron aliondoka Ujiji na vyombo viwili vya tanga alivyovibatiza Betsy na Pickle, akaifuata pwani hii ya mashariki kuelekea kusini, hivyo akayapita maji yaleyale niliyokuwa nikiyapita mimi. Baada yake akaja Hore, baharia hasa kwa kazi, aliyetumwa na wamisionari wa London na kufika Ujiji mwaka 1878. Huyu aliyasoma maji na pepo kama baharia anavyoyasoma, na maandishi yake yana faida kuliko ya wengi waliomtangulia.

Tusijisifu kupita kiasi, hata hivyo. Tanga lililotoka pwani halikuja kutembea. Lilibeba nguo na shanga kwenda, na kurudi lilibeba pembe za ndovu na watu. Waliokamatwa Marungu na Manyema walivushwa katika maji haya, wakashushwa upande huu, wakaanza mwendo wa miguu wa miezi kwenda Bagamoyo. Na waliosalimika walimalizia safari katika majahazi mengine, hadi visiwa ambavyo sisi tunaandikia leo. Nimesoma tenzi na mashairi mengi ya bahari yetu. Kuvuka kwa Tanganyika sikukuona humo.

Karema yenyewe ilianzishwa kwa ajili ya kuvuka. Mwezi Agosti 1879 Kapteni Cambier alisimika hapo kituo cha kwanza cha jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyojitangaza kuwa ya sayansi na ya kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1882 alikuja Emile Storms kukiongoza, na mwaka uliofuata akavuka kutoka Karema kwenda kujenga kituo cha pili Mpala, ng'ambo. Huko alikuwako mtawala aliyeitwa Lusinga, naye mwenyewe mtekaji wa watu, asiyekubali kuinama. Mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia na kumuua, na kichwa chake kikaletwa kwa bwana wao. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu hilo. Likawekwa katika makumbusho ya Brussels, na sanamu ya Storms ikasimamishwa katika uwanja wa mji huo, ikakaa hadi mwaka 2022 ilipoondolewa. Vijana wa kipe hawakuwa wamepata kulisikia jina la Lusinga. Nilipowasimulia, mmoja alitazama ng'ambo kwa muda, kisha akauliza, "Mzee, na kichwa je, kimerudi?" Sikuwa na jibu la kumpendeza.

Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na miaka minne baadaye akafika Karema mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye baharia mkubwa kuliko wote niliowataja, ingawa hakuwa na chombo. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, jirani na Timbuktu. Alitekwa utotoni, akavushwa Sahara, akakombolewa na mapadre, akalelewa Algeria, akasomea udaktari katika kisiwa cha Malta, kisha akapita Unguja na kuja huku kwa miguu. Alifika mwaka 1889. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Mto, jangwa, bahari, kisiwa, ziwa. Na kila hatua ya mwanzo ya safari hiyo hakuichagua yeye.

Kuna jambo jingine katika Karema ambalo ziwa lenyewe liliandika. Cambier alipojenga, maji yalikuwa karibu na kituo. Mto Lukuga, mlango pekee wa ziwa kutokea upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Ziwa likajaa miaka mingi hadi kizuizi kikavunjika karibu na mwaka 1878. Cameron alikuwa ameuona mlango huo ukiwa mzito wa magugu; Hore mwaka 1879 aliukuta maji yanakwenda kwa kasi. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10, na kituo kilichojengwa kando ya maji kikajikuta kimeachwa bara. Na si kushuka tu. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakaingia katika mitaa ya Bujumbura na bandari za Kigoma na Kalemie, na wenye nyumba za ufukweni wakahamia juu.

Adhuhuri tulifunga kipe penye majabali upande wa Ikola. Vijana walipiga maji kwa makasia na kutazama pande zote, maana mamba wapo, kisha tukashuka. Nilikuwa na miwani ya kuzamia niliyoibeba kutoka nyumbani, nayo ilipita mkono kwa mkono hadi kila mmoja akapata zamu.

Nitayasema niliyoyaona bila kuyapamba. Maji ni maangavu kuliko ya Chumbe siku ya utulivu. Hakuna matumbawe, pana mawe, na juu ya mawe utando wa kijani, na samaki wadogo wanaukwangua kama mbuzi malishoni. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hii moja, na karibu zote hazipatikani pengine popote. Wa Ikola ni weusi wenye mshipi mpana wa manjano kiunoni. Jike hubeba mayai yake kinywani, na vifaranga humo humo, mpaka waweze kujitegemea. Aina moja ya jamii yao ilipewa jina la kisayansi na Boulenger mwaka 1898, kwa heshima ya Moore, mtafiti aliyelijia ziwa miaka miwili kabla. Leo wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ujerumani wanawaweka katika vioo sebuleni na kuwaita kwa jina la Ikola. Hivyo kijiji ambacho wengi wetu Unguja na Mombasa hatujapata kukisikia kinatajwa kila siku na watu wasioweza kukionyesha katika ramani.

Huyo Moore alikuwa na hoja iliyonifurahisha. Mwaka 1883 Mjerumani Böhm aliona katika ziwa hili yavuyavu, yule kiumbe wa ute ambaye wengine kwetu humwita konyeza, mdogo kama sarafu. Pakawa na konokono wenye magamba mazito mfano wa wale wa baharini. Moore akadai kwamba Tanganyika ilikuwa bahari zamani, ikakatwa na kubaki bara. Sayansi imemkatalia: ziwa lilizaliwa katika Bonde la Ufa, na wanyama wake walipata maumbo hayo humohumo kwa mamilioni ya miaka. Lakini kosa lake lina utamu. Nilipokuwa nimeelea kifudifudi, kama watalii wa Karibi, nililielewa kosa hilo kwa mwili mzima.

Kurudi kulikuwa kazi. Kusi lililotuleta sasa lilitukabili. Turubai likashushwa, makasia yakashikwa, na hatimaye ikabidi ile petroli kidogo iwashwe. Kijana wa tezi alinieleza kuwa upepo huu wakiulaani kwa mawimbi yake, wanajua pia kwamba ndio unaoleta samaki. Alisema kweli. Kusi huyasukuma maji ya juu kaskazini, na kusini mwa ziwa maji ya chini hupanda yakiwa na rutuba ambayo viumbe wadogo huila, na dagaa huwala hao, na migebuka huwala dagaa. Chini ya mita mia mbili hivi hakuna hewa wala samaki. Uhai wote umo katika tabaka la juu, ukisubiri kukorogwa. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, kwa hiyo hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki kimepungua. Miezi mitatu ya kufunga uvuvi hupumzisha nyavu. Joto halina tarehe ya kufungwa.

Tulifika Karema jua likizama nyuma ya Kongo. Watoto waliokuwa wakioga walitupokea kamba, wakaniamkia, na baada ya kuambiwa kuwa natoka visiwani, mmoja akataka kuhakikisha kama ni kweli bahari ni ya chumvi yote, mpaka katikati. Nikasema ni kweli. "Sasa babu," akauliza kwa huruma, "mnakunywa nini?" Wenzake wakacheka. Vijana walikivuta kipe mchangani, wakalikunja turubai, wakaikagua miti iliyounganisha mashua mbili na kukaza kamba mbili zilizolegea. Hadi tarehe 15 Agosti yalikuwa yamebaki majuma tisa.