Mwanafunzi Aliyerudi Bila Shahada

Baba mdogo ana duka la vitambaa hapa Asiatique, na mimi humsaidia siku nisizo na masomo. Huu ni mwaka wangu wa nne tangu nianze chuo kikuu, lakini bado niko mwaka wa pili. Nilianza na uchumi, hesabu zikanishinda, nikahamia historia. Wateja wakiuliza nitamaliza lini, baba mdogo alikuwa akicheka. Mwezi uliopita hakucheka. Aliniambia kama masomo yamenishinda, nibaki dukani.

Ndipo nikaanza kumsoma Louis Rwagasore. Shujaa wa uhuru tunamjua sote tangu shule ya msingi. Mimi nilimtafuta mwanafunzi.

Rwagasore alizaliwa mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, mji wa Rwanda ambao baadaye uliitwa Butare, katika shule iliyoandaa makarani na wasaidizi wa utawala wa Kibelgiji. Wakati huo Burundi haikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka elimu ya juu ilimbidi avuke mipaka. Rwagasore alikwenda Antwerp, Ubelgiji, kwenye taasisi iliyofundisha watumishi wa makoloni. Katikati ya miaka ya 1950 alirudi nyumbani bila shahada.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Biashara kubwa ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa, ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia, na jina la mtaa wetu bado linatukumbusha hayo. Waliomuunga mkono mapema ni wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi, majirani zetu. Ushirika ulipata matatizo ya fedha, lakini urafiki ule uliingia katika siasa. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilishinda viti 58 kati ya 64. Akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba akauawa kwa risasi, hajafikisha miaka 30.

Nilimsomea baba mdogo haya yote jioni moja tukifunga duka. Nilitaka akubali kwamba njia ikipinda si lazima mtu apotee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Yule alikuwa mtoto wa Mwami. Aliporudi mikono mitupu, kwao palikuwa ikulu. Wewe kwenu ni hapa."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Tukisimulia habari za wakubwa walioacha masomo wakafanikiwa, tunasahau kuuliza nani aliwashikia mlango. Rwagasore hawezi kuwa kisingizio changu.

Hata hivyo kuna jambo moja nimelichukua kwake. Alipofika kwa wafanyabiashara wa Buyenzi, hakuwa na cheti cha kuwaonyesha. Alikuwa na kazi ya kufanya pamoja nao. Mimi nimekaa miaka mitatu dukani nikisikia wazee wakisimulia Usumbura ya zamani, na sijaandika hata ukurasa mmoja.

Nimemwomba baba mdogo mwaka mmoja zaidi. Nikifaulu, utafiti wangu utakuwa juu ya maduka ya mtaa huu. Amekubali, kwa sharti kwamba Jumamosi nifungue duka mimi. Daftari la kwanza nimeshalinunua.