Bastola ya Mjerumani? Soma namba kwanza

Wadau, huku Kigoma stori za mali za Mjerumani haziishi. Kaa kijiweni Ujiji saa moja tu, utasikia ya dhahabu, ya rupia, na ya bastola: "Hii aliiacha Mjerumani alipokimbia." Wapo wanaotoa hela kwa maneno hayo tu. Mimi nimezoea kuhoji watu, lakini hapa naihoji bastola yenyewe, maana chuma kimeandikwa.

Tuchukue Luger P08, bastola ya jeshi la Mjerumani. Za kuanzia 1910 zina mwaka umegongwa juu ya chemba. Namba peke yake haitoshi: kiwanda kilianza upya kila mwaka, na kikimaliza elfu kumi kilirudi mwanzo na kuongeza herufi, a, halafu b, kuendelea. Kwa hiyo 4521 bila herufi na mwaka inaweza kuwa ya bastola nyingi tofauti. Vipande vidogo navyo vina tarakimu mbili za mwisho; visipolingana, jua imeungwaungwa.

Sasa weka historia pembeni. Wajerumani waliizamisha wenyewe Goetzen (ndiyo Liemba yetu) Julai 26, 1916, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Waingereza walikuwa wameifunga bahari. Meli ya mwisho ya silaha kupenya, Marie, ilifika Sudi, Lindi, Machi 1916. Ukioneshwa Luger ya 1917, huyo Mjerumani wa kukimbia Kigoma aliipata wapi? Bastola yaweza kuwa halali kabisa, ila stori yake ni ya uongo.

Jina la mwenyewe ni kazi ngumu zaidi. Kwa Colt, kiwanda hukutafutia vitabuni, kwa malipo, ilipelekwa wapi na lini. Kwa Mjerumani, kumbukumbu nyingi za jeshi la Prussia ziliungua kwa mabomu Potsdam, Aprili 1945. Kilichobaki ni chuma tu, ndiyo maana inaniuma mtu akiipiga msasa ing'ae auze ghali. Anafuta ushahidi wenyewe.

Halafu kabla hamjanipigia simu: kutu si leseni. Sheria ya silaha ya 2015 inataka kibali, hata kama ni ya babu. Ukiikuta shambani usiiguse, ita polisi, na uwaombe wanukuu namba pamoja na herufi yake.