Mtoto kiziwi katika familia inayosikia

Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Tafiti za Marekani zinataja zaidi ya 9 kati ya 10. Ndiyo maana utamaduni wa viziwi haurithiwi kwa baba na mama kama mila za ukoo. Mtoto huupata kwa viziwi wenzake, na nchini Kenya mara nyingi huupata bwenini.

Kabla ya shule, familia hubuni ishara zake za nyumbani: kula, kulala, kuchota maji. Zinatosha kumtuma mtoto dukani, ila hazitoshi kumweleza kwa nini babu hatarudi tena. Wenzake wakicheka wakati wa chakula naye akauliza kuna nini, huambiwa asubiri, na jibu haliji. Huo ni upweke mzito, nao hutokea hata katika nyumba yenye upendo mwingi.

Shuleni hupewa jina la ishara, pengine kutokana na kovu, mwanya au tabia yake. Hujifunza kumwita mtu kwa kumgusa bega au kuzimazima taa, na kushangilia kwa kutikisa viganja hewani. Hujifunza pia kumkazia macho anayezungumza naye, kwa kuwa kutazama pembeni ni kumkatiza. Akirudi likizo anakuta wazee waliozoea mtoto mwenye adabu ainamishe macho, na heshima yake inaonekana ujeuri.

Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan ulitaka viziwi wafundishwe kwa matamshi, bila ishara, na fikra hiyo ilitawala shule nyingi kwa miongo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeigeuzia mgongo: Ibara ya 7 inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na Ibara ya 120 inaifanya lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Nyumbani, hata hivyo, wanaoishika lugha hiyo upesi mara nyingi ni ndugu wa mtoto, nao hugeuzwa wakalimani wangali wadogo. Mzigo huo ni wa wazazi. Wengine huogopa kwamba ishara zitamzuia mtoto kusema, au zitamtenga na ukoo wake. Kinachomtenga ni kukosa lugha. Mzazi aliyewahi kumkaribisha kwake mtu mzima kiziwi, fundi au mwalimu mwenye familia yake, huacha kuuliza mwanawe atapona lini na kuanza kuuliza atasomea nini.