Vali Iliyovuja kwa Miaka Thelathini

Tarehe 31 Agosti 1954, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, C. Walton Lillehei alifungua moyo wa mvulana aliyezaliwa na kasoro nne ambazo Mfaransa Étienne-Louis Fallot alizieleza mwaka 1888. Watoto wa aina hiyo huwa na midomo na kucha za bluu kwa sababu damu inayofika mapafuni ni kidogo. Enzi hizo wengi walikufa kabla ya kukua. Mashine ya kushika kazi ya moyo ilikuwa bado changa, hivyo Lillehei aliunganisha mishipa ya mtoto na ya mtu mzima aliyelala kando, moyo mmoja ukasukuma damu ya wawili. Alitumia njia hiyo kwa wagonjwa 45 wenye kasoro mbalimbali. 28 walipona wakarudi nyumbani.

Kuziba tundu la moyo, mojawapo ya kasoro nne za Fallot, hakukutosha. Njia ya kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba, na mara nyingi wapasuaji walilazimika kuikata hadi kwenye vali kisha kuipanua kwa kiraka. Damu ikapita, ila vali haikuweza tena kufunga, na sehemu ya damu ikarudi ilikotoka. Jambo hilo lilionekana dogo: watoto walicheza, walisoma, wakaoa na kuolewa.

Mwaka 1993 madaktari wa Kliniki ya Mayo walitoa hesabu ya wagonjwa 163 waliovuka mwezi wa kwanza baada ya upasuaji. Miaka 32 baadaye, asilimia 86 walikuwa hai, dhidi ya 96 waliotarajiwa kwa watu wa rika lao.

Huo ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, baadhi yao walikufa ghafla. Kwa wenye vali inayovuja, chumba cha moyo cha upande wa kulia, kikisukuma tena damu iliyorudi, hutanuka taratibu hadi mapigo yakavurugika.

Ndipo wapasuaji wakajifunza kuinusuru vali kila inapowezekana. Mwaka 2000, Philipp Bonhoeffer na wenzake jijini Paris walieleza jinsi walivyompa mvulana wa miaka 12 vali ya mshipa wa shingo ya ng'ombe, wakiipitisha ndani ya mishipa bila kumpasua kifua.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, nayo huwafanyia watoto upasuaji wa moyo. Watoto hao wanahitaji kliniki itakayoendelea kuwapima hata watakapokuwa wazazi, kwani vali inaweza kuvuja miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote.