Vodka ya Nyumbani na Vodka ya Mfalme

Jina la vodka si geni kwetu. Tumeiona katika maduka ya mjini, ndani ya chupa nyeupe, nayo yafanana kabisa na maji. Wengi hudhani kwamba ni kileo cha kuwapa joto watu wa nchi za baridi, wala hakuna la kusema zaidi. Lakini vodka ina historia ndefu, na katika historia hiyo mna ugomvi uliodumu zaidi ya miaka 400: upande mmoja mama wa nyumba, aliyeloweka matunda kwa ajili ya wageni na wagonjwa wake, upande mwingine mfalme, aliyetaka kila tone linywewe mahali ambapo yeye atapata fedha. Tutaeleza ugomvi huo, maana hata maparokia yaliingia ndani yake.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Neno vodka limetoka katika neno la Kirusi voda, yaani maji, nalo limepunguzwa kama sisi tunavyopunguza mto tukasema kijito. Basi vodka ni «vijimaji». Hupikwa kwa nafaka, hasa rai, ndugu ya ngano ivumiliayo baridi, na baadaye walipika kwa viazi pia. Nafaka huchacha ikawa pombe. Pombe huchemshwa katika chombo kilichofunikwa vema. Mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, nao hurudi kuwa matone. Yeyote aliyeona lutuku ikipikwa kwa mahindi na mihogo hana haja ya maelezo mengine. Kazi ni ile ile.

Ulaya ilijifunza kazi hiyo kwa waganga. Katika karne ya 12 waganga wa Salerno, nchini Italia, walikwisha kuijua. Katika nyumba za watawa na maduka ya dawa matone hayo yaliitwa kwa Kilatini aqua vitae, maji ya uzima, wala hayakuwa kinywaji cha mezani. Mwaka wa 1534 Stefan Falimirz alipiga chapa kule Kraków, nchini Polonia, kitabu juu ya majani na nguvu zake, akaeleza dawa nyingi zilizotengenezwa kwa kuloweka majani na mizizi katika kileo hicho. Twaona basi kwamba kuloweka ni desturi ya zamani sana, wala si mchezo wa matajiri wa siku hizi.

Tena kulikuwa na sababu nyingine, nayo haikuwa ya utabibu. Vodka ya zamani ilinuka vibaya na kuunguza koo. Watu walitia asali, majani na matunda ili kuficha ubaya wake. Lakini waliotafuta kuficha kitu kibovu waligundua kitu kizuri, na hapo ndipo ustadi wa akina mama wa Polonia, Lituania, Urusi na Ukraini ulipoanza. Wapolonia huita kileo hicho nalewka, Warusi nastoyka.

Tueleze jinsi kinavyofanywa. Kwa nalewka ya cheri, yale matunda mekundu yenye ukali kidogo, mama huchukua kilo moja ya matunda yaliyoiva, huyaosha, huyatoa kokwa na kubakiza chache kwa ajili ya harufu, huyatia katika chupa ya mdomo mpana. Humimina juu yake lita moja ya kileo kikali, hufunga, huweka karibu na dirisha penye jua kwa wiki 4 au 6. Kisha humimina kileo pembeni, na yale matunda huyafunika kwa nusu kilo ya sukari. Sukari huvuta kilichobaki ndani ya tunda, nayo hugeuka maji mazito mekundu. Hapo huchanganya vyote viwili, huchuja kwa kitambaa safi, hutia katika chupa na kuficha gizani. Asiyekuwa na subira huonja baada ya mwezi mmoja naye huiona kali. Mwenye akili hungoja miezi 6, afadhali mwaka.

Kila kitu kina kanuni yake. Ganda la limau humenywa lile la manjano tu, maana nyama nyeupe ya chini huleta uchungu, nalo hutolewa baada ya siku chache. Alkoholi huvuta upesi mafuta ya ganda ambayo maji matupu hayawezi kuyavuta. Matunda mekundu ya mti uitwao ryabina huchumwa baada ya baridi kali ya kwanza, kwa sababu barafu hupunguza uchungu wake. Waukraini huloweka pilipili pamoja na asali. Warusi hutumia mzizi mkali uitwao khren, utoao machozi kuliko kitunguu. Na katika msitu wa Białowieża, kule Polonia, hukatwa jani lenye harufu tamu lipendwalo na nyati wa Ulaya, na jani moja huachwa ndani ya chupa. Husimuliwa pia kwamba katika nyumba nyingine baba alizika pipa la vodka ya rai siku mtoto alipozaliwa, akalifukua siku ya arusi yake. Vileo hivyo hunywewa kwa glasi ndogo sana. Mtu aliyengoja mwaka mzima hamimini kama anayenywesha farasi.

Sasa tumtazame mfalme. Katika miaka ya 1550 tsar Ivan wa Nne, yule aliyeitwa Mkali, alifungua mjini Moscow nyumba za kunywea zilizoitwa kabak. Zamani Warusi walikuwa na nyumba ambamo mtu alikula na kunywa pamoja. Katika kabak palikuwa na kileo tu, bila chakula, nacho kilikuwa cha mfalme. Msimamizi wake aliitwa tselovalnik, maana yake «mwenye kubusu», kwa sababu alibusu msalaba akiapa kwamba ataleta fedha za mfalme bila kuiba. Tuseme wazi, sisi tunaona uchungu kusoma jambo hili: msalaba wa Bwana wetu ulibusiwa ili ulevi ulete hesabu kamili. Sheria ya mwaka wa 1649 iliamuru mijeledi kwa mtu aliyeuza kileo kwa siri. Baadaye, katika karne ya 18, haki ya kupika vodka waliachiwa wakabaila, na katika nyumba zao kubwa ustadi wa kuloweka ulisitawi ajabu. Wengine walijivuna kuwa na chupa kwa kila herufi ya alfabeti. Mkulima alikwenda kabak.

Basi hazina ya Urusi ilizoea fedha hizo kama mlevi azoeavyo chupa. Katika karne ya 19 karibu theluthi moja ya mapato ya serikali, na miaka mingine zaidi, ilitoka katika vodka. Matajiri walinunua kwa serikali haki ya kuiuza, wakapandisha bei, wakatia maji. Mwaka wa 1858 na 1859 wakulima walichoka. Kijiji baada ya kijiji walikusanyika, wakaapa kutonunua tena. Je, serikali ilifurahi kuona raia wake wakiacha ulevi? Waziri wa fedha aliagiza mapatano hayo yavunjwe, na fujo zilipotokea katika nyumba za kunywea, askari walipelekwa.

Katika Lituania, iliyokuwa chini ya Urusi, jambo hilo liliwahusu Wakatoliki hasa. Motiejus Valančius, askofu wa Samogitia, alianzisha mwaka wa 1858 Undugu wa Kiasi katika maparokia yake. Watu waliandikishwa kitabuni na kuahidi kuacha vodka. Alikuwa na mfano wa kufuata: mwaka wa 1844 padri Jan Alojzy Ficek alikuwa amefanya vivyo hivyo kule Piekary, katika nchi ya Silesia. Kufika mwaka wa 1860, katika jimbo la Kaunas, Wakatoliki zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wameingia katika undugu huo. Mauzo yalianguka. Watawala waliona hazina ikipungukiwa, tena waliogopa watu wanaojua kukusanyika bila ruhusa yao, na baada ya maasi ya mwaka wa 1863 gavana Muravyov aliupiga marufuku. Twamsifu askofu huyo, lakini twawasifu zaidi wakulima wasio na majina waliopita mbele ya mlango wa kabak bila kuingia.

Mwaka wa 1890 mataifa 17 yalitia sahihi mjini Brussels mkataba juu ya biashara ya watumwa, na ndani yake waliweka mipaka kwa vileo vikali katika Afrika, toka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini, nchi yetu ya Kongo ikiwa katikati. Urusi ilikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Baada ya miaka michache tu, waziri wake Sergei Witte alianza kuifanya vodka kuwa biashara ya serikali peke yake, kwanza katika majimbo manne, mwaka wa 1895. Waliohurumia koo la Mwafrika hawakuwa na huruma hiyo kwa koo la mkulima wao.

Wengine husema kwamba ni mwanachemia Mendeleev aliyeamua vodka iwe na alkoholi sehemu 40 katika 100. Ni hadithi tu. Maandiko yake ya mwaka wa 1865 yalieleza jinsi alkoholi na maji yanavyochanganyika, hasa michanganyiko mikali zaidi, wala hayakuwa mafundisho ya upishi wa vodka.

Vita vilipoanza mwaka wa 1914, tsar Nikolai wa Pili alikataza uuzaji wa vodka, hazina ikapoteza mapato makubwa wakati ule ule ilipoyahitaji. Wakomunisti walioshika utawala baadaye walichukia kabak kwa maneno, lakini mwaka wa 1925 vodka ya nguvu 40 ilirudi madukani, na fedha zikarudi njia ile ile.

Mapinduzi yalimfukuza pia Vladimir Smirnov, mtoto wa mfanyabiashara mkubwa wa vodka wa Moscow. Jina la jamaa yake liliuzwa, likavuka bahari, na mwaka wa 1939 kampuni ya Heublein ya Marekani ililinunua kwa dola 14,000. Wamarekani hawakuijua vodka. Mwaka wa 1941, mjini Los Angeles, John Martin wa kampuni hiyo aliungana na mwenye baa mmoja aliyekuwa na soda ya tangawizi isiyonunuliwa. Walichanganya vodka, tangawizi na limau katika kikombe cha shaba, wakaiita Moscow Mule, yaani nyumbu wa Moscow. Ndivyo kokteli za vodka zilivyoenea. Matangazo ya miaka ya 1950 yalidokeza kwamba vodka haiachi harufu kinywani, na sheria ya Marekani mpaka mwaka wa 2020 ilisema vodka isiwe na ladha wala harufu ya kuitambulisha. Angalieni kichekesho hiki: mama wa Polonia alifanya kazi mwaka mzima ili kileo kiwe na harufu ya cheri, na mfanyabiashara alijisifu kwa kuiondoa harufu yote, ili mchanganyaji aimezeshe katika maji ya machungwa au ya nyanya, mnywaji asijue amekunywa kiasi gani.

Kule Moscow, mwezi wa Mei 1985, Mikhail Gorbachev alijaribu tena kupunguza vodka. Vifo vya wanaume vilipungua kwa miaka michache. Lakini foleni zilirefuka, watu wakapika kileo chao kwa siri hata sukari ikaisha madukani, na wengine walikunywa manukato na alkoholi ya viwandani, wakapofuka au kufa. Hazina ililia kama siku zote, na kabla ya mwaka wa 1990 amri ile ilikuwa imelegezwa.

Polonia leo sheria hukataza kupika vodka nyumbani, lakini hairuhusu polisi kumsumbua mama anayeloweka matunda yake kwa matumizi ya nyumbani. Mwezi wa Julai cheri zikiiva, chupa za mdomo mpana hurudi dirishani. Kila moja huandikwa jina la tunda na mwaka, kisha hupelekwa kabatini kungoja ubatizo, au mgeni wa siku ya baridi.